Corolla AE100 baada ya kufunguliwa hedi: shajara ya kusaka taimingi

Gari ni Toyota Corolla AE100 ya mwaka 1993, injini 5A-FE: silinda nne, sentimita za ujazo 1498, vali 16, kamshafti mbili (mihimili inayofungua vali), na distribyuta (inayogawa cheche kwa plagi) iliyofungwa mwishoni mwa silinda hedi, yaani kichwa cha injini, upande wa giaboksi. Lilikuwa la baba kabla halijawa langu, na ndilo lililonifundisha kuendesha, kwa hiyo sikuwa tayari kuambiwa "hili limezeeka, uza chuma chakavu".

Mpira wa rejeta ulipasuka karibu na Tengeru, gari likachemsha, gasketi ya hedi ikaungua na maji yakachanganyika na oili. Gereji moja hapa Arusha ikafungua hedi, ikaipeleka kuchongwa, ikafunga gasketi mpya, sili mpya za vali na mkanda mpya wa taimingi. Gari lilirudi halichemshi na oili ni safi. Lakini halikuwa gari lile nililolijua. Naandika hatua kwa hatua kwa sababu injini hii na ndugu zake 4A-FE na 7A-FE ziko kwenye Corolla na Carina nyingi sana mitaani kwetu, na naamini kuna wengi wanaotembea na tatizo hili hili bila kujua.

Jumatatu, gari limerudi

Kuwaka ni shida. Stata inazunguka vizuri, betri nzima, lakini injini inashika baada ya kuzungushwa muda mrefu. Ikishika, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka. Ukikanyaga mafuta taratibu inavuta kinyonge, ukikanyaga kwa nguvu inazubaa kwanza halafu ndiyo inaondoka. Ekzosi inabubujika. Baada ya mzunguko mfupi mjini nilifungua boneti nikakuta bomba la ekzosi linatoa joto kali kuliko kawaida, kiasi kwamba bamba la kukinga joto lilikuwa linanuka.

Sindano ya joto la maji iko katikati, haisogei. Kwa hiyo kazi ya gasketi yenyewe ilikuwa nzuri.

Jumatano, nimerudi gereji

Fundi alisikiliza, akalegeza bolti za distribyuta kwa spana namba 12, akaizungusha huku msaidizi wake anapiga resi, akasikiliza tena, akakaza. Gari likaanza kuwaka upesi na bubujiko la ekzosi likapungua. "Umeona? Ilikuwa taimingi tu."

Nikatoka nikaenda mpaka Usa River. Kushuka hakuna shida. Kurudi mjini, barabara inapopanda polepole kupitia Tengeru, gari lilikataa gia ya nne mahali ambapo siku zote lilikuwa linapanda na ya tano. Ajabu ni kwamba ukiliweka gia ya pili na kuliacha lizunguke kwa kasi, linaamka. Nguvu haipo kwenye mizunguko ya chini, ipo kwenye ya juu. Dalili hii niliiandika na kuipigia mstari, maana plagi mbovu haifanyi hivyo. Plagi mbovu inamisi chini na juu.

Alhamisi, bila kugusa spana

Leo nimekaa na karatasi. Tunaposema "taimingi" tunachanganya mambo mawili. La kwanza ni taimingi ya cheche: plagi itoe moto lini kulingana na mahali pistoni ilipo. Hii ndiyo inayorekebishwa kwa kuzungusha distribyuta. La pili ni taimingi ya vali: zifunguke na kufungwa lini. Hii inashikwa na mkanda unaounganisha kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na kamshafti, ambapo kranki inazunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kamshafti.

Kwenye 5A-FE mkanda unazungusha kamshafti moja, na hiyo inazungusha ya pili kwa gia zilizo ndani ya hedi. Distribyuta inazungushwa na kamshafti. Hapo ndipo penye mtego. Mkanda ukifungwa jino moja nyuma, vali zinachelewa, na cheche nayo inachelewa kwa kiasi hicho hicho, kwa sababu wote wanaendeshwa na kamshafti ile ile. Jino moja la gia ya juu, yaani ya kamshafti, ni kati ya digrii 15 na 20 za kranki. Injini inayotakiwa kutoa cheche digrii 10 kabla pistoni haijafika juu itajikuta inatoa cheche pistoni imeshaanza kushuka. Moto unaungua kwa kuchelewa, unatoka nje bado unawaka, ekzosi inachemka, kuwaka kunakuwa shida. Ndivyo gari lilivyokuwa Jumatatu.

Sasa zungusha distribyuta. Cheche inarudi mahali pake, gari linawaka vizuri, ekzosi inatulia. Lakini vali bado zimechelewa, na hakuna bolti ya distribyuta inayozigusa. Ndivyo gari lilivyokuwa Jumatano.

Hii bado ni dhana tu. Nahitaji ushahidi kabla sijafungua kitu.

Jumamosi asubuhi

Nimeanza na vitu rahisi ili nisije nikavisingizia baadaye. Waya za plagi ziko kwa mpangilio wa kuwaka 1-3-4-2, nimezifuata moja moja kwa kidole kutoka kwenye kofia ya distribyuta. Rota haina ufa. Plagi zote nne zina masizi meusi makavu, sawa sawa. Mafuta yanazidi kulingana na hewa inayoingia, kwenye silinda zote.

Kisha taa ya injini. Kwenye gari za umri huu huhitaji mashine ya kusoma kodi (namba za makosa). Chini ya boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS. Unafungua kifuniko, unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kuwasha injini, na taa ya dashibodi inapepesa kodi. Yangu ilipepesa haraka haraka kwa mfululizo usiokatika, maana yake hakuna kosa lililohifadhiwa.

Fundi wengi wakiona hivyo wanasema kompyuta imeshasema injini ni nzima. Kwenye injini hii hoja hiyo haisimami. Kompyuta inajua mahali kranki ilipo kwa ishara zinazotoka ndani ya distribyuta, na mahali kamshafti ilipo inajua kwa distribyuta hiyo hiyo. Haina macho mawili ya kulinganisha. Mkanda ukiruka jino, kwake kila kitu kinaendelea kukubaliana. Gari za miaka ya karibuni zenye sensa ya kranki peke yake na ya kamshafti peke yake ndizo zinazoweza kugundua tofauti na kuwasha taa.

Nikaazima taa ya taimingi, inayomweka kila cheche inapotoka ili uone alama ya puli iko wapi. Utaratibu wa Toyota kwa injini hii ni huu: injini iwe imepata moto, sailensa iwe karibu mizunguko 750 kwa dakika, TE1 na E1 ziunganishwe ili kompyuta iache kuongeza digrii zake, ndipo umulike puli ya kranki. Alama ya puli isimame kwenye 10. Anayemulika bila kuunganisha hivyo anapima digrii za kompyuta, na kompyuta inazibadilisha kila sekunde.

Nimeunganisha, nimemulika, alama inacheza. Inaruka kati ya 10 na karibu 15, haitulii. Nikakumbuka sharti moja: kompyuta haifungi digrii mpaka iambiwe mguu umetoka kwenye eksileta, na anayeiambia ni swichi iliyo ndani ya sensa ya throto, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini. Nikaangalia waya wa eksileta. Ulikuwa umekazwa kupita kiasi, throto haifungi mpaka mwisho. Inaelekea mtu aliona sailensa inazimika, akaipandisha kwa kuvuta waya. Nimeulegeza mpaka ukawa na uhuru mdogo, throto ikafunga, na alama ikasimama palepale. Digrii 10 kamili. Sailensa sasa ikashuka hadi karibu kuzima.

Kwa maneno mengine, ukiniuliza taa ya taimingi, gari hili halina ugonjwa wowote.

Jumamosi hiyo hiyo, mchana

Kabla ya kurudisha taa ya watu nilipiga picha ya distribyuta. Bolti zake zinapita kwenye mianya mirefu iliyopinda, ndiyo inayokuruhusu kuizungusha kidogo mbele na nyuma. Bolti sasa ziko mwisho kabisa wa mianya. Na katikati ya mwanya wa juu kuna alama ya duara, alumini inang'aa, imezungukwa na uchafu mweusi wa miaka mingi wa oili na vumbi. Ni mahali ambapo washa ya bolti ilikaa tangu gari linatoka Japani, pengine.

Injini hii ilipata digrii 10 bolti ikiwa katikati ya mwanya kwa muda wote huo. Leo inapata digrii zile zile bolti ikiwa mwisho wa mwanya. Distribyuta ni ile ile. Kitu kinachoizungusha ndicho kilichohama.

Nimepiga simu gereji kuwaeleza kwa upole. Jibu: alama zimehama kwa sababu hedi imechongwa, ni kawaida, gari litazoea.

Jumapili

Nimelifanyia hesabu jibu hilo, kwa sababu ninalisikia kila mahali na lina punje ya ukweli. Hedi ikichongwa, kamshafti inasogea karibu na kranki. Mkanda upande usio na tenshena (rola yenye springi inayokaza mkanda) unakuwa na umbali mfupi zaidi wa kuvuka, tenshena inavuta ziada upande wake, na kamshafti inachelewa kidogo. Kweli.

Lakini kidogo kiasi gani? Fundi wa mashine aliniambia alitoa milimita 0.2. Nimeweka rula kwenye mkanda wa zamani, ambao kwa bahati gereji walinirudishia: kutoka jino hadi jino ni karibu milimita 8. Kwa hiyo uchongaji umehamisha mkanda kwa sehemu moja ya arobaini ya jino, chini ya nusu digrii ya kranki. Mtu hawezi kuuhisi mguuni, na wala hautoi bolti ya distribyuta katikati ya mwanya kuipeleka mwisho.

Jumanne, Unga Limited

Kuna mzee fundi pale mtaa wa Unga Limited aliyefundisha nusu ya vijana wa eneo lile. Nimemwamkia, "Shikamoo mzee," nikamweleza habari yote, nikamwonyesha picha ya bolti. Aliitazama muda mrefu. "Marahaba. Mwanangu, usiifungue bado. Tuipime kwanza, ili ukifungua uwe unajua unakwenda kuona nini."

Geji ya kompresheni, yaani ya kupima mgandamizo ndani ya silinda. Injini ya moto, plagi zote nje, soketi ya distribyuta imechomolewa ili kusiwe na cheche, throto wazi kabisa, stata mpaka sindano iache kupanda. Silinda ya kwanza 125, ya pili 125, ya tatu 120, ya nne 125, kwa vipimo vya paundi kwa inchi ya mraba.

Kitabu cha Toyota kinataka karibu 191 kwa injini nzima na kinaweka kikomo cha chini 142. Mzee akanikumbusha kwamba vipimo vile ni vya usawa wa bahari. Arusha tuko karibu mita 1,400 juu, hewa ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 15 hivi, kwa hiyo injini nzima hapa itasoma karibu 160. Bado 125 ni chini mno.

Kinachosema zaidi ni kwamba zote nne zimeshuka kwa pamoja. Gasketi ikivuja, mara nyingi silinda mbili zinazopakana ndizo zinazoanguka. Vali ikivuja, silinda moja inaanguka. Ringi za pistoni zikichoka, ukimimina oili kidogo kwenye tundu la plagi kipimo kinapanda, tukamimina, hakikupanda. Silinda nne kuanguka sawa sawa baada ya kazi ya hedi maana yake vali ya kuingiza hewa inafungwa kwa kuchelewa: pistoni imeshaanza kupanda, mlango bado uko wazi, sehemu ya hewa inasukumwa kurudi ilikotoka.

Kisha geji ya mnyonyo kwenye manifodi, bomba linaloingiza hewa kwenye silinda. Sindano ilitulia kwenye inchi 10 za zebaki, bila kutetemeka. Usawa wa bahari injini nzima inasoma 18 hadi 20 kwenye sailensa, na unatoa karibu inchi 1 kwa kila mita 300 za kupanda. Hapa tungetegemea 13 hadi 15. Sindano inayotetemeka ingetupeleka kwenye vali au plagi moja moja. Sindano iliyotulia chini inatupeleka kwenye vali zote kuchelewa.

Na hapo nikapata jibu la masizi kwenye plagi, jambo lililokuwa linanisumbua tangu Jumamosi. Injini hii haipimi hewa inayoingia moja kwa moja. Ina sensa ya shinikizo la manifodi, na kompyuta inakadiria hewa kutokana nayo. Mnyonyo ukiwa hafifu, kompyuta inadhani dereva amekanyaga, inamwaga mafuta zaidi. Gari linakunywa petroli nyingi na kuchafua plagi bila sensa yoyote kuwa mbovu. Mtu angeweza kununua sensa, injekta na pampu, akamaliza mshahara, na gari likabaki vile vile.

Alhamisi

Shaka moja ilibaki, na mzee ndiye aliyeileta. Puli ya kranki ina sehemu mbili za chuma zilizounganishwa kwa mpira. Kwenye gari la umri huu mpira unaweza kuachia, duara la nje likateleza, na alama iliyochorwa juu yake ikawa inadanganya. Kama puli imeteleza, kila tulichosoma kwa taa ni bure.

Ana kifaa alichotengeneza mwenyewe: gamba la plagi ya zamani, ndani ametoa kauri na kuchomelea bolti butu. Unakifunga kwenye tundu la silinda ya kwanza badala ya plagi. Plagi nyingine zote zinatolewa ili injini izunguke kwa mkono bila upinzani, na tairi la mbele kulia linatolewa ili uifikie puli. Unazungusha kranki kwa spana taratibu sana mpaka pistoni iguse bolti. Isilazimishwe, igusane tu. Unaweka alama kwenye utepe wa karatasi uliobandikwa kuizunguka puli, mahali inapotazamana na sifuri ya kifuniko. Kisha unazungusha kwa upande wa pili mpaka iguse tena, unaweka alama nyingine. Katikati kabisa ya alama hizo mbili ndipo pistoni inapokuwa juu kabisa, upende usipende.

Tulipima kutoka kwenye alama ya kiwandani: milimita 43 upande huu, milimita 43 upande ule. Kwenye puli ya ukubwa huu milimita 1 ni karibu digrii 1, kwa hiyo hata kosa dogo lingeonekana. Puli ni ya kweli. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia, maana sasa nilikuwa na nukta moja isiyobishaniwa, na kila kitu kingine kingepimwa kutoka hapo.

Ijumaa, tunafungua

Kifuniko cha vali nje, kifuniko cha juu cha mkanda nje. Kranki kwenye sifuri, silinda ya kwanza ikiwa kwenye mgandamizo. Tulihakikisha kwa kuona kwamba kamu (nundu za kamshafti) za silinda hiyo hazijazikandamiza vali zake. Ni lazima kuhakikisha, kwa sababu sifuri ya puli inakuja mara mbili kwa kila mzunguko wa kamshafti, na moja kati ya hizo mbili siyo.

Gia ya kamshafti ina matundu kadhaa makubwa na tundu moja dogo. Kupitia tundu dogo unatakiwa uone mstari uliochongwa kwenye kifuniko cha beringi nyuma yake. Lazima utazame ukiwa umenyooka mbele ya gia. Nafasi kati ya injini na bodi ni finyu, na anayechungulia kutoka juu ataona mstari umekaa sawa wakati haujakaa.

Mzee alitumia kioo kidogo cha kushika mkononi. Akakikamata pale, akanyamaza, akanipa nishike mimi. Mstari haukuwa kwenye tundu. Tundu lilikuwa halijaufikia, limebaki nyuma kwa upana wa jino moja.

Tuliangalia pia gia mbili zinazounganisha kamshafti ndani ya hedi, kwa kuwa zilitolewa wakati wa kazi. Gia hizo zina alama za aina mbili, moja ya kufungia na nyingine ya kuonyesha pistoni ya kwanza iko juu, na anayezichanganya anapata ugonjwa unaofanana na huu kwenye vali za upande mmoja. Zetu zilikuwa sahihi. Gereji walifanya hilo vizuri na nimewaambia.

Jino lilipoteaje? Mzee alionyesha kwa kidole. Mkanda una pande mbili: upande wa tenshena, na upande wa kazi ambao kranki inauvuta. Mtu akipanga alama zote mbili sawa lakini akaacha mkanda umelegea kidogo upande wa kazi, anaona alama zimekaa na anaridhika. Kranki ikianza kuzunguka, inakula ule ulegevu kwanza kabla kamshafti haijasogea. Hapo kamshafti imeshachelewa. Ndiyo maana Toyota wanataka, baada ya kufunga mkanda, uzungushe kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili kuelekea inakozungukia injini, kisha uangalie alama upya kabla ya kukaza tenshena. Mizunguko miwili inachukua dakika moja. Nina hakika haikufanyika.

Tulilegeza bolti ya tenshena, tukaivuta pembeni, tukautoa mkanda kwenye gia ya juu tu bila kuushusha wote. Kamshafti ikasogezwa mpaka mstari ukakaa katikati ya tundu. Mkanda ukarudishwa kuanzia kranki, upande wa kazi umenyooka, ulegevu wote ukaachwa upande wa tenshena. Springi ya tenshena ilikuwa ya zamani na imeota kutu, tukaweka mpya pamoja na rola yake. Mizunguko miwili kwa spana. Sifuri chini, mstari ndani ya tundu juu. Tukarudia mizunguko miwili mingine, vile vile. Ndipo bolti ikakazwa, na mkanda ukikandamizwa kwa kidole unashuka milimita 5 au 6.

Nataka niliseme hili kwa wanaoogopa: 5A-FE ya kawaida ni ya aina ambayo pistoni haigongi vali mkanda ukihama au ukikatika. Ndiyo maana gari langu liliweza kutembea hivi bila kuvunja kitu. Injini nyingine nyingi hazina huruma hiyo, na jino moja au mawili yanaweza kupinda vali siku hiyo hiyo. Kwa hiyo usichukue uvumilivu wa injini hii ukaupeleka kwenye gari lingine.

Jumamosi, kuwasha

Distribyuta ilirudishwa bolti zikiwa kwenye ile duara inayong'aa, kwa makisio tu. Iliwaka kwa mguso wa kwanza wa stata. Tuliiacha ipate moto, tukaunganisha TE1 na E1, tukamulika. Digrii 11. Kusogeza kidogo sana, 10. Bolti sasa zinafunika duara la zamani karibu lote.

Geji ya mnyonyo: inchi 15, imetulia. Kompresheni: 160, 160, 155, 160. Sailensa karibu 750 bila kugusa waya wa eksileta.

Mzee alisikiliza ekzosi kwa mkono, kiganja karibu na mdomo wa bomba, akasema "sasa inapumua," akaenda kunywa chai.

Jumatano iliyofuata

Usa River na kurudi, watu wanne ndani. Tengeru imepandwa kwa gia ya tano bila kulalamika. Ulaji wa mafuta, kwa kujaza tangi na kupima tena, umetoka kilomita 9 kwa lita hadi kati ya 12 na 13 kwa mchanganyiko wa mjini na barabara kuu. Plagi nilizozisafisha zimeanza kupata rangi ya udongo mwepesi.

Gereji iliyofanya kazi ya kwanza nimewapelekea picha zote: duara la washa, kioo chenye tundu na mstari, na karatasi ya vipimo kabla na baada. Kijana aliyefunga mkanda aliniomba nimweleze tena ile habari ya upande wa kazi na upande wa tenshena, nikamchorea. Amesema kuanzia sasa hatakubali distribyuta iguswe kwenye gari lililofunguliwa hedi mpaka alama ya juu imeonwa kwa macho. Ningependa kila gereji iwe na mtu kama huyo.

Kilichobaki

Sili ya mbele ya kranki inatoa jasho la oili. Bado haijafika kwenye mkanda, lakini oili ikifika itaula mpira, kwa hiyo haitasubiri sana. Kazi hiyo itafungua mkanda tena. Kabla ya kulegeza chochote nitapaka rangi nyeupe kwenye mkanda, gia ya juu na gia ya kranki, nipige picha distribyuta ilipo sasa, na niandike 160, 160, 155, 160 kwenye utepe ndani ya boneti ili atakayepima baadaye awe na cha kulinganisha. Waya za plagi nazo zimekauka, nitabadilisha zote nne kwa pamoja mwisho wa mwezi.